Mwongozo kamili: kutunga kichekesho cha usaili kinachosimama kwenye neno moja

Nimeshaletewa vichekesho vya usaili vingi mno. Wameleta vijana wanaopanda jukwaani hapa Arusha, washereheshaji wa sendofu kule Moshi, hata mwalimu mmoja aliyekuwa anaandaa igizo la mahafali. Karibu vyote vina neno zuri lenye maana mbili, na karibu vyote havichekeshi. Msaili anauliza hivi, msailiwa anasikia vile, ukumbi unanyamaza mpaka unasikia jenereta nje.

Neno lenyewe huwa halina kosa. Kosa ni mojawapo kati ya mawili: mtunzi amemfanya msailiwa mjinga, au siri ya neno imevuja sentensi mbili kabla ya wakati. Mwongozo huu umetokana na kurekebisha makosa hayo mara kwa mara, ya kwangu yakiwemo.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari na kalamu. Simu ina tabia ya kuweka herufi kubwa mahali usipotaka, na utaona baadaye kwa nini hilo linaua.
- Simu hiyohiyo, kwa ajili ya kurekodi sauti tu.
- Kamusi ya Kiswahili inayoonyesha ngeli na wingi wa kila nomino.
- Kazi mbili unazozijua kwa undani: inayotolewa kwenye usaili, na ile aliyotoka nayo msailiwa.
- Mtu mmoja ambaye hajakisikia kichekesho chako na hakuogopi. Shangazi anafaa kuliko rafiki.

## Hatua ya 1: Okota neno kwenye midomo ya watu

Usianze na kamusi. Kamusi itakupa "paa" la nyumba, "paa" mnyama na "kupaa" angani, utafurahi, halafu utakaa siku tatu ukitafuta usaili ambao mtu anaweza kuulizwa kuhusu paa.

Anza na maneno ambayo wasaili wanayasema kweli: nafasi, uzoefu, kukaa, kupanda, mshahara, wadhamini. Kisha jiulize ni nani, kwa kazi yake, angelisikia neno hilo kwa namna nyingine. "Nafasi" kwa konda ni siti. "Kupanda" kwa mkulima ni mbegu ardhini. "Mbuni" kwa mwenye kiwanda cha nguo ni mtu wa kubuni mitindo, kwa dereva wa watalii ni yule ndege mkubwa asiyeruka, na kwa mzee wa Kibosho ni mti wa kahawa.

Onyo: Arusha, usiguse "gaidi". Kila mtu anajua kwamba neno la Kiingereza la mwongoza watalii, likipita kwenye mdomo wa Kiswahili, linatoka kama jina la mhalifu. Utani huo umeshachoka, na wanaouchoka zaidi ni waongoza watalii wenyewe.

Umefaulu hapa kama unaweza kutaja watu wawili, kila mmoja na maana yake, na wote wawili wanaitumia maana hiyo kila siku bila kufikiri.

## Hatua ya 2: Pima ngeli kabla ya kuandika mstari wowote

Hapa ndipo wengi wanaanguka, na ndipo nilipoanguka mimi.

Niliwahi kutunga kichekesho cha "kima". Nilitaka kijana aliyezoea kuongoza wageni Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambako kima wapo msituni, aulizwe kuhusu mshahara na asikie mnyama. Nikamwandikia msaili: "Kima cha chini unachokubali ni kipi?" Isikilize hiyo "cha". Kisha "unachokubali". Kisha "kipi". Mara tatu sentensi inamwambia msikilizaji kwamba hapa hakuna mnyama. Mnyama angekuwa kima wa chini, unayemkubali, yupi. Nilikitoa kwenye mahafali ya shule moja Moshi, na kwa kuwa hakuna aliyecheka nikaona nieleze: "Kima ni mnyama pia." Mzazi mmoja mstari wa mbele akaitikia, "Tunajua."

Kwa hiyo chukua neno lako, andika kila maana na kionyeshi chake, ulinganishe:

- nafasi hii (ya kazi), nafasi hii (ya kukaa): zinafanana kabisa, tumia utakavyo
- mbuzi huyu (mnyama), mbuzi hii (ya kukunia nazi): zinatofautiana
- ua hili (la waridi), ua huu (wa nyumba): zinatofautiana
- kima huyu, kima hiki: zinatofautiana

Zikitofautiana, usilitupe neno. Safisha sentensi. Ondoa viambishi vyote vinavyolisema neno ni la ngeli gani. Acha nomino peke yake, au tumia kitenzi kisicho na yambwa, yaani kile kiambishi cha kitu kinachotendwa.

Tazama mbuzi. Mpishi mkuu wa hoteli moja Arusha ametoka Tanga, na kwake mbuzi ni kile kibao chenye meno unachokalia ukakuna nazi. Kijana anayesailiwa amekuwa akichoma nyama Kwa Mrombo, na huko hakuna anayekuna nazi. Mpishi akiuliza "Unajua kuitumia mbuzi?" mchezo umekwisha, maana "i" imeshasema ni chombo. Lakini sikiliza:

Mpishi: Mbuzi unamudu?
Kijana: Ndiyo kazi yangu, chifu.
Mpishi: Kwa siku moja unaweza ngapi?
Kijana: Jumamosi hata sita.
Mpishi: Sita tu? Wali wa watu mia utatosha?
Kijana: Wali sijui, chifu. Labda ndizi.
Mpishi: Haya. Ukimaliza, unaosha?
Kijana: Naosha utumbo tu.

Mpishi anahesabu nazi, kijana anahesabu wanyama. "Unamudu" haina yambwa. "Ngapi" haina kiambishi kinachosikika, ila ingekuwa "wangapi" ingevuja. "Unaosha" imebaki uchi, bila "i" wala "m". Hakuna sentensi hata moja inayodanganya, na hakuna hata moja inayosema ukweli wote, mpaka utumbo unapotokea.

Kuna maneno machache ambayo sarufi yenyewe inayafichia siri. Mlima ni huu. Mti ni huu. Mgomba ni huu, na mbuni wa kahawa pia ni huu. Kwa hiyo hata ukiuliza "Umeupanda mara ngapi?" bado mkulima na mpanda mlima wanaweza kukusikia kila mtu kivyake. Ila ukiingiza mahindi, "umeyapanda" inakuumbua hapohapo.

Umefaulu kama unaweza kufunika nusu ya mwisho ya kila swali kwa kidole na mtu asijue maana gani inazungumzwa.

## Hatua ya 3: Mpe msailiwa haki ya kukosea

Mtu anayeulizwa swali wazi akajibu upuuzi anatia huruma, na watu hawacheki. Kinachochekesha ni mtu mwenye akili timamu anayejibu sawasawa swali ambalo hakuulizwa.

Chumba cha usaili ni mahali pazuri kwa hilo. Msailiwa ana hofu, hathubutu kusema "samahani mzee, sijakuelewa". Msaili naye ana cheo cha kulinda, hataki kuonekana hajui. Basi wote wawili wanaendelea kutikisa kichwa. Hicho ndicho kinachokupa maswali matano ya kutoelewana. Sokoni Kilombero ungepata moja tu, maana pale mtu angeuliza papo hapo, "Unasemaje?"

Andika kwenye daftari mistari mitatu kuhusu msailiwa kabla hajafungua mdomo: ametoka wapi, jana alikuwa anafanya nini kwa mikono yake, na nani alimwambia kuhusu kazi hii. Huo mstari wa tatu unasahaulika sana. Kijana aliyesikia kwa mjomba kwamba "wanatafuta watu wanaojua kupanda" ana haki yote ya kuja na majibu ya shambani.

Onyo: lafudhi si mchezo wa maneno. Ukimleta Mmasai au Mmeru na kumfanya atamke vibaya ili watu wacheke, umeacha kutunga, umeanza kuiga sauti. Watu watacheka kidogo, halafu mtu mmoja kwenye ukumbi hatacheka, na ni haki yake.

## Hatua ya 4: Jenga maswali, kila moja likibana zaidi

Hii ni rasimu niliyoletewa mwezi uliopita. Mahali ni ofisi ya kampuni ya utalii, Moshi mjini.

Msaili: Je, umewahi kupanda Mlima Kilimanjaro?
Msailiwa: Ndiyo, nimepanda mahindi.

Imekufa mstari wa kwanza. Hakuna Mswahili anayesikia "Mlima Kilimanjaro" akafikiria mahindi. Na hata kama angekuwepo, kichekesho kimeisha kabla hakijaanza, maana zao limeshatajwa.

Tukaifuta. Tukakubaliana mambo mawili: mlima hautajwi kama kitu cha kupandwa, na zao halitajwi kabisa mpaka mwisho. Tukapata hiki:

Kijana: Shikamoo mzee.
Mzee: Marahaba kijana. Kaa hapo. Unatokea wapi?
Kijana: Kibosho, mzee.
Mzee: Kumbe mtoto wa mlimani! Basi kupanda hukufundishwa na mtu.
Kijana: Babu alinifundisha, mzee. Tangu darasa la tatu.
Mzee: Darasa la tatu! Na mpaka leo umepanda mara ngapi?
Kijana: Nitahesabu, mzee? Kila mwaka, masika na vuli.
Mzee: Masika? Na mvua yote ile?
Kijana: Bila mvua nitapandaje?
Mzee: (anamgeukia mwenzake) Andika hapo, huyu ni mgumu kweli. Na ulikuwa unapanda na nani?
Kijana: Na mama, na wadogo zangu wawili.
Mzee: Familia nzima! Sasa niambie, mkianza chini asubuhi, juu mnafika lini?
Kijana: Saa sita tumeshafika.
Mzee: Saa sita? Wageni wangu wanatumia siku sita!
Kijana: Pole yao, mzee. Labda hawajazoea jembe.

Tuingie ndani kidogo, maana kila mstari una kazi.

"Masika" ndiyo bawaba. Kwenye kazi ya mlima, Aprili na Mei ni miezi ya mvua na wageni wanapungua sana. Kwa hiyo mzee anaposikia kijana anapanda masika, heshima yake inapanda pia. Kwa mkulima, masika ni wakati wa kawaida kabisa. Neno lilelile linamfanya mmoja ashangae na mwingine ashangae kwamba mwenzake anashangaa. Tafuta neno kama hilo kwenye kichekesho chako. Ukilikosa, maswali yako yatakuwa yanakwenda mbele bila kupanda.

"Mgumu" limewekwa kwa ajili ya watu wa Moshi. Wapagazi wa mlimani wenyewe wanajiita wagumu, na mzigo wa kilo 20 unaopimwa getini unaeleza kwa nini. Msikilizaji asiyejua hilo atasikia sifa ya kawaida tu na hatakwama. Vitu vya kuwapendeza wenyeji viwe hivyo: anayejua apate tabasamu la ziada, asiyejua apite.

"Juu" na "chini" hazikuchaguliwa kwa bahati. Kwenye mteremko wa Kilimanjaro, shamba lina juu na chini: juu ni upande wa mlima, chini ni upande wa tambarare. Kijana hadanganyi. Ameanza kulima chini, saa sita yuko mpakani kwa jirani. Yule mzee anaona kilele cha mita 5,895.

Na "saa sita" dhidi ya "siku sita" ilijitokeza yenyewe wakati tunaandika. Zawadi za namna hiyo huja ukishaweka watu wawili wa kweli chumbani, na huwa haziji ukikaa kuzitafuta.

Onyo dogo kuhusu neno hilihili: usiandike kwamba kampuni "inapandisha wageni" kama kwenye ukumbi kuna wafugaji. Mtu wa ng'ombe ana maana yake ya kupandisha. Watacheka sana, lakini watacheka mahali pasipo pako, na mbele ya wakwe.

## Hatua ya 5: Neno la kufungua liwe la mwisho kabisa

Rudi utazame vichekesho vyote viwili. Kimoja kinaishia kwenye "utumbo tu", kingine kwenye "jembe". Ukiandika "Labda jembe hawajalizoea, maana sisi shambani tumezoea," watu watacheka kwenye "jembe" na utakuwa unaongea juu ya kicheko chako mwenyewe. Geuza sentensi mpaka neno linalofungua likae mwisho, kisha funga mdomo.

Si lazima kiwe kirefu. Kimoja ninachokipenda kina mistari miwili tu. Konda wa Hiace anaenda kuomba kazi ofisini kwa mama mmoja Njiro.

Mama: Pole mwanangu, nafasi zimejaa.
Konda: Hamna shida mama, mimi huwa nasimama mlangoni.

Rasimu yake ya kwanza iliishia "nitasimama tu". Ilichekesha, ila abiria yeyote angeweza kuisema. "Mlangoni" ni ya konda peke yake. Unamwona kabisa, mkono mmoja juu ya paa la gari, noti zimekunjwa kati ya vidole. Neno la mwisho likiweza kubeba kazi nzima ya mtu, umemaliza.

Baada ya hapo usieleze. Msaili asiseme "Ahaa, kumbe ulidhani...". Kijana asigundue. Mara nyingi ni vizuri zaidi wote wawili watoke chumbani bila kujua kilichotokea, na kijana apewe kazi.

## Hatua ya 6: Amua kama ni cha kusikika au cha kusomwa

Kuna vichekesho vinavyoishi sikioni tu. Huu ni mfano, kwenye simu. Mwenye gari yuko Arusha, anamsaili dereva ambaye yuko njiani na gari la majaribio:

Mwenye gari: Haloo, unatoka Moshi?
Dereva: Mwingi, bosi! Ndiyo nimesimama nafungua boneti.

Kwa sauti kinafanya kazi vizuri, kwa sababu "u" ya wewe na "u" ya moshi ni sauti moja, na "mwingi" ndiyo ngeli inayojitokeza kwa makusudi kama ufunguo. Kwenye maandishi, ile herufi kubwa ya Moshi inamwambia msomaji kila kitu mapema. Ukiandika kwa herufi ndogo, mhariri atakurekebishia. Kama ni cha kusomwa, tafuta kingine.

Mkazo nao unaweza kukuharibia, safari hii kwa njia ya kinyume. "Barabara" ya magari inabanwa kwenye silabi ya tatu, na "barabara" ya sawasawa kabisa inabanwa kwenye ya pili. Msaili akisema "Tunataka mtu anayefanya kazi barabara," maandishi yanakuruhusu, lakini ukifungua mdomo lazima uchague mkazo mmoja, na siri imetoka.

Jirekodi ukisoma mara moja, bila kuigiza. Sikiliza ukiwa umefumba macho. Umefaulu kama hakuna swali linalokulazimisha ulitamke kwa namna ya ajabu ili maana zote mbili zipite.

## Hatua ya 7: Mjaribishie mtu mmoja

Soma mbele ya shangazi yako wakati anachambua mchele. Usimwambie kwamba ni kichekesho. Anza tu, "Kuna kijana kaenda kwenye usaili..."

Angalia mikono yake. Ikisimama kwenye swali la tatu, anafuata. Akiinua uso kwenye neno la mwisho, kimefika. Akikuuliza "Halafu?", rudi hatua ya 2, kuna kitu kinavuja au neno lina maana moja tu kwake. Hilo la pili lilinipata na yule mbuzi. Shangazi wa Machame alikuwa hajawahi kukalia mbuzi ya nazi maisha yake yote, na mimi nilikuwa nimemficha mpishi wa Tanga mpaka katikati. Nilipomleta juu, mstari wa kwanza kabisa, "mpishi mkuu ni mtu wa Tanga, anayependa wali wa nazi," alicheka kabla sijamaliza kufunga daftari.

## Kikigoma

Wanacheka watu wa Moshi tu, wa Arusha wananyamaza. Umeegemea mahali badala ya neno. Angalia kama kichekesho kinasimama ukiondoa kila jina la mtaa na kijiji. Kikianguka, neno lako halikuwa na nguvu.

Wanasema "nimeshakisikia". Neno ni la zamani, kazi za watu hawa ni za zamani pia. Badilisha kazi ya msailiwa kabla hujabadilisha neno. "Unakaa wapi?" imechoka ikijibiwa "kwenye kiti", lakini muuza mkaa akiulizwa habari za kaa bado ana la kusema.

Wamecheka, ila mstari mmoja kabla ya wa mwisho. Basi huo ndio wa mwisho. Kata kinachofuata, hata kama unakipenda.